Korona Ilikuwepo Kabla Hatujaiona

Hotuba hii niliitoa Jumamosi alasiri katika ukumbi wa mtaani kwetu Tudor, Mombasa, mbele ya wazazi, wanafunzi na wauguzi wa kujitolea. Wengi wenu mvua iliwazuia kufika, mkaomba iandikwe. Nimeiandika karibu kama ilivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha.

Assalaamu alaykum. Habari za alasiri, wazee wangu. Shikamooni, mama zangu. Na nyinyi vijana wa kidato cha tatu mliokaa karibu na mlango, sogeeni mbele. Huko mlangoni najua mnapanga safari.

Niliambiwa nichague mada mwenyewe, na nimechagua neno moja tu. Nitalitamka, kisha nitawatazama nyuso. Korona.

Mnaona? Mama mmoja hapa mbele ameshaziba pua na ncha ya leso.

Simlaumu. Neno hili lilitufikia mwezi wa tatu 2020, likaja na ndoo ya maji na sabuni mlangoni mwa kila duka, likaja na kafyu, likaja na foleni ya feri pale Likoni, watu wanabanana huku wakiambiwa wasibanane. Mwezi wa nne tukafungiwa, hakuna kuingia Mombasa wala kutoka. Mtu amekwama Mtwapa na chungu chake kiko jikoni Kisauni. Mwezi wa tano Mji wa Kale ukafungwa peke yake. Ni nani hapa hana mtu aliyemzika kwa haraka, bila matanga, bila hitima ya kueleweka? Kwa hivyo nikisema korona, nyinyi mnasikia msiba.

Lakini neno lenyewe ni kuukuu. Ni la Kilatini, maana yake taji, au shada la kuvikwa kichwani. Wanafalaki walilipa jua. Nasema wanafalaki wa darubini, si wale wa kupiga bao. Madaktari nao walilipa moyo. Kirusi kilikuja kulirithi mwisho kabisa. Na leo nataka niwaonyeshe jambo moja tu juu ya korona hizi tatu: zilikuwepo. Zilikuwepo siku zote. Sisi ndio tulikuwa hatuzioni, na kila moja ilingoja mtu mkaidi wa kuitafutia njia ya kuonekana.

Nianze na kirusi, maana najua hamtanisikiliza mpaka nimalizane nacho.

Miaka ya sitini huko Uingereza alikuwepo daktari aitwaye David Tyrrell, na kazi yake ilikuwa kutafiti mafua. Mafua haya haya ya kupenga kamasi. Alikuwa na kituo karibu na mji wa Salisbury, ambako watu walijitolea kuambukizwa mafua makusudi, nao wakapewa chakula na malazi ya bure. Msicheke, ni kweli, na watu walienda. Katika sampuli zake ilikuwepo moja iliyotoka puani mwa mwanafunzi wa shule, wakaipa namba B814. Ukimtia mtu puani, anaugua. Lakini kirusi chenyewe hakikukubali kukuzwa kwa njia walizozizoea, wala hakuna aliyejua kina sura gani. Ugonjwa unaonekana, mgonjwa anaonekana, kirusi hakionekani.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi wasichana. Sampuli ile ilipelekwa kwa mwanamke mmoja, June Almeida, katika hospitali ya St Thomas, London. Alizaliwa Glasgow mwaka 1930, babake dereva wa basi. Shule aliiacha na miaka kumi na sita, pesa za chuo kikuu hazikuwepo, akaajiriwa maabara ya hospitali kama fundi wa kuandaa vipande vya nyama za wagonjwa chini ya hadubini. Fundi, si daktari. Baadaye akaenda Kanada, akashika hadubini ya elektroni, na mkono wake ukawa wa ajabu. Alibuni njia ya kuchanganya virusi na kingamwili zinazotoka kwa mtu aliyepona, ili kingamwili zivizunguke virusi na kuvikusanya pamoja. Kwa njia hiyo aliweza kuviona pale ambapo wenzake waliona takataka tu.

Almeida akaitazama B814. Akaona vijidudu vya mviringo, kila kimoja kimezungukwa na miiba yenye vichwa. Na akasema kitu kilichowashangaza wenzake: hiki nimeshakiona. Alikuwa amekiona kwenye kuku wenye ugonjwa wa koo, na kwenye panya. Aliandika makala kuhusu vile vya mwanzo, na wahakiki wa jarida wakamrudishia. Walisema hizo ni picha mbovu za virusi vya homa ya mafua. Picha mbovu! Mwaka 1968, mwezi wa kumi na moja, wanasayansi wanane, yeye akiwa mmoja wao, walipeleka tangazo fupi katika jarida la Nature, wakavipa virusi hivi jina la ukoo. Walieleza kwamba ule ukingo wa miiba unakumbusha korona ya jua. Ndilo hilo jina.

Mwaka gani? 1968. Wazee wangu mliokaa safu hii, 1968 mlikuwa vijana. Korona ilikuwepo. Wengi wenu mlishaugua korona utotoni mkapakwa mafuta ya taa kifuani, kwa maana ziko korona nne ambazo kazi yake ni kuleta mafua ya kawaida tu, zinazunguka duniani kila mwaka, na hakuna anayezifungia mji.

Na kuna hili la ngamia, nalo nalipenda zaidi. Mwaka 2012 huko Saudia, mgonjwa mmoja alifariki Jeddah kwa homa ya mapafu, na katika makohozi yake kikapatikana kirusi kipya cha ukoo huu huu, ambacho sasa tunakiita MERS. Dunia ikashtuka. Kimetoka wapi? Kikafuatwa mpaka kwa ngamia. Baadaye watafiti wakafungua damu ya ngamia wa hapa Kenya iliyokuwa imehifadhiwa kwenye majokofu, nyingine tangu 1992, wakakuta kingamwili za kirusi kile. Tangu 1992! Miaka ishirini kabla ya mtu yeyote kujua kuna kitu kama hicho, ngamia wetu walishakutana nacho. Sisemi mwogope ngamia wa pale ufukweni Nyali anayebeba watalii. Nasema kilikuwepo. Ukubwa wake ni sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na hakikuwa na haraka ya kutambulishwa.

Basi, kirusi tumemalizana nacho. Toeni leso puani, twendeni juani.

Mmeshawahi kuliona jua likipatwa? Inueni mikono. Wengi. Na wangapi mmeona likipatwa lote, mchana ukawa usiku? Hakuna. Hapa Mombasa tumezoea kuliona limemegwa kipande, tunaita watoto ndani, misikitini wanasali swala ya kusufi, kisha kila mtu anarudi kwenye shughuli zake.

Kusufi ina kisa chake, na wengi wenu mnakijua. Ibrahimu, mwana mdogo wa Mtume, alipofariki Madina, siku ile ile jua likapatwa. Watu wakasema, jua limehuzunika kwa kifo cha mtoto. Mtume mwenyewe, baba mwenye msiba, akasimama akawakanusha: jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Mimi ni mtu wa fizikia, si shehe, na fatwa sitoi. Lakini kila nikisimulia kisa hiki namwangalia yule baba. Kulikuwa na njia rahisi ya kuacha watu waamini kwamba mbingu zinamlilia mwanawe, naye akaikataa siku ya mazishi.

Sasa, mwezi ukilifunika jua lote, kitu hutokea. Jua linakuwa duara jeusi, na kulizunguka duara hilo hujitokeza nywele nyeupe za mwanga, ndefu, laini, zimetawanyika pande zote. Hiyo ndiyo korona. Ni hewa ya jua, ile ya nje kabisa. Je, imekuja na mwezi? La. Ilikuwepo asubuhi, ilikuwepo jana. Iko juu ya paa hili sasa hivi, ndugu zangu, nyuma ya mawingu haya ya mvua. Shida ni kwamba mwanga wake ni kama sehemu moja kwa milioni ya mwanga wa uso wa jua. Ukiukusanya wote ni karibu sawa na mwezi mpevu, na mwezi mpevu ukiusimamisha pembeni mwa jua la saa sita mchana, nani ataujali?

Kwa hivyo kwa karne nyingi watu waliiona kwa dakika mbili tatu, kisha wakangoja miaka. Wengine walidhani ni hewa ya mwezi. Mwaka 1869, Marekani, wanasayansi wawili, Charles Young na William Harkness, walielekeza kwenye korona chombo cha kupasua mwanga kuwa rangi, jua likiwa limepatwa. Wakakuta mstari wa kijani ambao hakuna kitu duniani kilichojulikana kutoa. Kila elementi ina mistari yake, kama mnavyosoma kemia, vijana, na mstari huu haukuwa wa yoyote. Basi wakasema, hii ni elementi mpya, iko juani peke yake. Ikapewa jina, koroniamu. Ikakaa vitabuni miaka sabini.

Miaka sabini! Na koroniamu haikuwepo kabisa. Ilipokaribia 1940, Mjerumani Walter Grotrian na Mswidi Bengt Edlén waligundua kwamba mstari ule ni wa chuma. Chuma hiki hiki, cha nondo na misumari. Atomi ya chuma ina elektroni 26, na ile ya kwenye korona ilikuwa imepokonywa 13, nusu ya mali yake. Na ili uipokonye atomi ya chuma elektroni 13 unahitaji joto la zaidi ya nyuzi milioni moja.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, na mtihani huo haujakwisha. Uso wa jua una nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Korona, iliyo mbali zaidi na kiini, inapita milioni. Mama zangu, mnajua jiko la makaa: ukirudi nyuma hatua mbili joto linapungua. Hili jiko la angani ukirudi nyuma linakuunguza mara mia mbili zaidi. Kwa nini? Wataalamu wanasema ni nguvu za sumaku za jua, mawimbi yake na milipuko yake midogo midogo, lakini jinsi kazi inavyogawanyika kati ya hayo bado wanabishana. Kijana wa kidato cha tatu anayetafuta swali la kumlisha maisha yake yote, hilo hapo, chukua, ni bure.

Katika korona ndimo unamotoka upepo wa jua, chembe zinazovuma mpaka kwetu. Mwaka 1958 mtu mmoja Chicago, Eugene Parker, alionyesha kwa hesabu kwamba lazima upepo huo uwepo. Wahakiki wakamkatalia makala. Mnaona mtindo? Mhariri akayachapisha kwa mamlaka yake, kwa sababu hakuona kosa katika hesabu. Parker aliishi mpaka akaona chombo chenye jina lake kikirushwa, Agosti 2018, naye akiwa na miaka 91. Chombo hicho kiliingia ndani ya korona kwa mara ya kwanza mwezi wa nne 2021, kisha mkesha wa Krismasi 2024 kikafika kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa jua, kikienda kilomita 692,000 kwa saa. Kilitoka kizima.

Lakini kabla ya kwenda mbali hivyo, niwarudishe hapa pwani. Kitu chenye joto la nyuzi milioni hakitoi mwanga wa macho tu. Kinatoa eksirei. Ndiyo, eksirei, ile unayopigwa mkono ukivunjika. Jua linapiga eksirei kila sekunde kutoka kwenye korona yake, na hewa ya dunia inazizuia zote, alhamdulillahi, la sivyo tusingekuwa hapa. Maana yake ni kwamba ukitaka kuona mbingu kwa eksirei, sharti upande juu ya hewa. Na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuitazama mbingu nzima kwa eksirei ilirushwa wapi? Florida? Urusi?

Ilirushwa Ngomeni, hapo mbele ya Malindi. Kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano, San Marco, lililosimama baharini kwa miguu ya chuma, ambalo wavuvi wetu wanalipita na ngalawa. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, ambayo ndiyo siku Kenya ilipopata uhuru. Msimamizi wa mradi upande wa Marekani alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa heshima ya siku ile setilaiti ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili! Ziko setilaiti ngapi za sayansi zenye jina la Kiswahili? Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata tuzo ya Nobel 2002. Na mimi nimefundisha miaka mingi watoto wa pwani hii ambao hawajawahi kuambiwa. Wanatajiwa Galileo, wanatajiwa Newton. Ngomeni hawatajiwi. Hilo linaniudhi, na nimesema.

Miaka miwili na nusu baadaye, tarehe 30 Juni 1973, jua lilipatwa lote kule Turkana, ziwa likiwa bado linaitwa Rudolf. Wanasayansi walikuja na masanduku ya vyombo mpaka Loiyangalani, kwenye upepo na mawe, kwa ajili ya dakika chache za kuiona korona. Wenzao walipanda ndege ya Concorde, wakakimbizana na kivuli cha mwezi kukata Afrika, wakawa ndani yake dakika 74. Watu wanaweza kufanya mambo!

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Kivuli kitapita Misri, kitapita Makka na Jeddah, kitashuka Yemen mpaka ncha ya kaskazini ya Somalia. Sisi Mombasa litamegwa tu, korona hatutaiona. Nataka mnisikilize vizuri kwa hili. Musilitazame kwa filamu kuukuu ya eksirei. Musilitazame kwa miwani ya jua ya pale Marikiti, wala kwa kupitisha macho kwenye beseni la maji. Tafuteni miwani maalumu ya kupatwa kwa jua. Nyuma ya jicho hakuna mshipa wa maumivu, jicho linaungua wewe umetulia unatabasamu, na unajua kesho yake. Asiye na miwani asimame chini ya mkungu, atazame chini. Vile viduara vya mwanga vinavyopenya kwenye majani vitageuka hilali, mamia ya hilali ndogo zimetandazwa kwenye mchanga. Watoto watazikanyaga.

Sasa moyo. Hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo.

Moyo unapiga mara laki moja hivi kwa siku. Umejaa damu. Lakini haujilishi kwa ile damu inayopita ndani yake. Una mishipa yake miwili, inayotoka kwenye mshipa mkuu pale pale damu inapotokea moyoni, mmoja kulia, mmoja kushoto, ikauzunguka moyo kwa nje na kuutambaa. Wanaanatomia wa zamani walipouona moyo umezungushiwa mishipa hivyo wakaiita ya taji, ya korona. Upana wake ni milimita tatu, nne. Na jambo la ajabu: damu nyingi ya upande wa kushoto hupita katika mishipa hiyo wakati moyo unapolegea, si unapokaza. Unafanya kazi kwa ajili ya mwili wote, kisha katika ile nafasi ndogo ya kupumzika ndipo unapokula.

Mishipa hiyo ikianza kuziba kwa mafuta, unahisi nini? Hakuna. Mwaka wa kwanza, hakuna. Wa kumi, hakuna. Presha haiumi. Mafuta kwenye damu hayaumi. Sukari inaweza kukaa mwilini miaka na mtu anacheza bao. Iko, na huioni.

Mnajua watu walifikaje kuiona? Mwaka 1929 mji wa Eberswalde, Ujerumani, kijana daktari, Werner Forssmann, aliamini kwamba mpira mwembamba unaweza kupitishwa kwenye mshipa wa mkono mpaka moyoni bila mtu kufa. Mkubwa wake akamkataza. Muuguzi wa chumba cha upasuaji, Gerda Ditzen, akajitolea afanyiwe yeye. Forssmann akamfunga kwenye kitanda kana kwamba anaanza naye, kisha akageuka, akajipasua mkono wake mwenyewe na kuusukuma mpira, sentimita 65. Halafu mpira ukiwa ndani, akashuka ngazi kwa miguu yake mpaka chumba cha eksirei, akapigwa picha. Ncha yake iko moyoni. Walimwona kichaa. Nobel ilimkuta 1956, akiwa daktari wa njia ya mkojo katika mji mdogo.

Hata baada ya hapo, iliaminika kwamba ukimwaga dawa ya rangi, ile inayofanya mshipa uonekane kwenye eksirei, moja kwa moja kwenye mshipa wa korona, moyo utakufa. Mwaka 1958 huko Cleveland, Marekani, daktari Mason Sones alikuwa anampiga picha mgonjwa, mpira ukateleza ukaingia mshipa wa korona wa kulia, na dawa ikamwagika yote. Moyo ukasimama. Sones akamwambia mgonjwa, kohoa! Mgonjwa akakohoa, moyo ukaanza tena. Na kwenye filamu, kwa mara ya kwanza, mshipa wa korona wa mtu aliye hai ulionekana wazi, kona zake zote. Tangu hapo picha hiyo ikawa kazi ya kila siku, na 1977 Andreas Grüntzig akapanua mshipa uliobanwa kwa puto dogo, mjini Zurich, mgonjwa yu macho. Puto zake za mwanzo alikuwa amezitengeneza mezani jikoni kwake.

Ngoja niwape cha hapa hapa mtaani, na mwenyewe amenikataza kutaja jina.

Ni fundi wa kushona kanzu. Jioni moja baada ya magharibi tuko barazani, tumekula viazi karai na pilipili ya ukwaju. Nikamwona amekaa kimya, amekunja ngumi, ameiweka katikati ya kifua, anaisugua polepole. Nikamuuliza, fundi, vipi? Akasema, gesi. Sote tukawa madaktari. Mmoja akasema ndimu na chumvi. Mwingine tangawizi. Mwingine akatuma mtoto soda ya baridi ili acheue. Pepo za kusi zinapuma, na fundi shati limemlowa mgongoni. Hakuna aliyejiuliza jasho hilo la nini.

Bintiye ni muuguzi. Alipotoka kazini akatukuta. Hakuuliza maswali. Alitazama ile ngumi, akatazama lile jasho, akasimamisha tuktuk. Baadaye aliniambia: Mwalimu, mtu wa kiungulia hukuonyesha kwa kidole, hapa panawaka. Mtu wa moyo huweka ngumi au kiganja kizima, kwa sababu hana mahali pamoja pa kuonyesha, kifua chote kinabanwa. Si kila mara, lakini madaktari wote wanaijua ngumi hiyo.

Fundi alifika kwa wakati. Yuko hai. Yuko safu ya tatu, na shati la kijani. Samahani, fundi, jina sikutaja!

Na akina mama, kwenu huja kwa mlango mwingine. Unaweza usibanwe kifua kabisa, ukawa unachoka bila sababu, pumzi inakata ukipanda ngazi, kichefuchefu, taya linauma, mgongo unauma katikati. Mwenye sukari anaweza kupata mshtuko wa moyo na asihisi maumivu hata kidogo. Wangapi tumesikia, alilala mzima, hakuamka? Tukasema ni jini, tukasema ni hasidi, tukamtafuta jirani wa kumsingizia. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini huyu hakuficha, jamani. Naye pia hakujua. Ilikuwepo ndani ya kifua chake miaka kumi na tano, na hakuna aliyewahi kumfunga kitambaa cha presha mkononi.

Kitambaa hicho, ndugu zangu, ni dakika mbili. Hakiwezi kuuona mshipa wa korona, hiyo ni kazi ya akina Sones na vyumba vyao vya gharama. Lakini kinaona kinachouharibu. Ukipimwa zaidi ya mara moja ukakutwa umefika 140 kwa 90, hiyo ni presha, hata kama unajihisi mzima wa kuruka kamba. Kuna dawa, na nyingi ni za bei nafuu. Chumvi ya kwenye kachumbari unaweza kuipunguza leo usiku. Sigara unaijua mwenyewe.

Nimeona saa, na nimeona mwenyekiti anavyokohoa. Maswali tutayachukua kwenye chai, na mahamri yapo. Lakini kabla ya mahamri, wauguzi wetu wamekaa pale nyuma kwenye meza mbili, wana mashine za presha na za sukari, hawaulizi pesa. Kila mwaka meza hizo hujaa kina mama, na waume zao wako nje wanazungumza mpira. Leo hapana. Mama zangu mtatuwia radhi, leo foleni inaanza na wanaume. Fundi, wewe uliyeshazoea, tangulia mbele uwaonyeshe mkono unavyokunjuliwa. Na nyinyi wa kidato cha tatu, kwa kuwa mmekaa mlangoni, fungeni mlango.